Korongo taji wanafukua mbegu zote bustanini na sheria inawalinda. Mnaishi nao vipi?

#1 NyumaYaMigomba

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa watu wanaoishi na hawa ndege, siyo wa watu waliowaona kwenye picha.

Niko Missenyi, mkoani Kagera. Nyumba yangu imetazama bonde lenye mafunjo, na nyuma ya migomba nina kipande cha bustani ya nyumbani: mahindi, karanga na maharage kidogo. Mvua za vuli zilipoanza nikapanda kama kawaida. Kesho yake alfajiri wakatua korongo taji wawili, siku zilizofuata wakawa kundi. Wanapita kwenye mstari bila haraka, wanachoma mdomo ardhini, wanatoa punje, hatua moja mbele, wanachoma tena. Mtu aliyepanda kwa kamba anawarahisishia kazi. Nimerudishia mbegu, wamerudi. Mahindi yaliyowahi kuota wanayang'oa, wanakula kile kipande cha mbegu kilichobaki chini, jani wanaliacha limelala.

Najua ni ndege anayelindwa, sitaki kesi na sitaki kumuua. Lakini pia nataka kula mahindi yangu. Mnafanyaje?

#2 Kombeo

Mkuu mbona unajitesa. Manati na mawe ya mtoni. Korongo mmoja akidondoka wengine watahamia Uganda, wakaishi na bendera yenye picha yao.

#3 Sheria Mkononi

Kombeo, umeandika hadharani. Ngoja nikusaidie kabla hujajisaidia vibaya.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haichagui simba peke yake. Kumwinda, kumkamata au kummiliki mnyamapori bila kibali ni kosa, na ndege wamo humo. Wengi hawajui kwamba mayai na manyoya yake ni nyara za Serikali, na ukikutwa na nyara hizo bila kibali unaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi. Unajikuta unatafuta wadhamini kwa sababu ya unyoya uliouchomeka kwenye kofia.

Huyu ndege yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani tangu 2012, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Kwa hiyo "akidondoka mmoja" siyo mzaha.

#4 Kombeo

Sawa wakili. Na mahindi ya mwenzetu yanalindwa na sheria namba ngapi? Tembo akila shamba kuna hela ya kifuta jasho kutoka Serikalini. Korongo je?

#5 Sheria Mkononi

Swali zuri, na jibu halifurahishi. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za 2011 zinahusu wanyama hatari: tembo, kiboko, nyati, simba, mamba na wenzao. Korongo hana hatari kwa mtu, hayumo. Hata tembo mwenyewe, wanaodai wanajua safari ya kupata hicho kifuta jasho ilivyo ndefu. Kwa ndege huyu gharama yote inabaki kwa mwenye bustani. Nakubaliana na wewe kwamba hapo sheria imemwacha mkulima peke yake, ila kuachwa peke yako hakukupi ruhusa ya manati.

#6 Ngano Mbichi

Si wapigiwe tu dawa kama kweleakwelea? Kule kwetu ndege ya Serikali ilipita na mpunga ukapona.

#7 Bwana Shamba Mstaafu

Ngano Mbichi, hapana, hapana kabisa. Kweleakwelea ni baa. Wanakuja kwa makundi makubwa mno, wanashambulia nafaka iliyokwisha kutoa suke: mtama, uwele, mpunga, ngano. Wanazaliana haraka, kiasi kwamba hata ukiangamiza kundi zima spishi haiyumbi. Korongo taji ni kinyume chake. Jike hutaga yai 1 hadi 4, mara nyingi mawili au matatu, huyaatamia kwa zamu na dume karibu mwezi mzima, kisha vifaranga huchukua miezi 2 hadi 3 kabla ya kuruka. Katika hao, wanaofika utu uzima ni wachache. Ukiua wazazi wawili umefuta kazi ya miaka.

Nirudi kwa mwenye uzi. Kabla ya kumhukumu korongo, hakikisha ni yeye. Nilipokuwa kazini nilikuta lawama nyingi zimeelekezwa kwa ndege ambaye kazi yake ilikuwa kuokota sota, wale viwavi wakata miche.

Tazama hivi. Mche uliokatwa usawa wa udongo, shina limelala kando na mbegu bado imo ardhini, huyo ni sota. Fukua kidogo kando ya shina utamkuta amejikunja. Shimo lililochimbwa usiku, udongo umetupwa upande mmoja na maganda ya punje yameachwa papo hapo, huyo ni panya au kuchakulo. Mashimo membamba kama yamechomwa na kijiti, yakifuata mstari, mche umetolewa mzima na mbegu yake imenyofolewa, na nyayo za vidole virefu vitatu mbele, hapo sasa ni korongo. Kwale na kanga nao hufukua, ila wao huparua udongo kwa miguu, eneo linabaki limevurugika.

Kama una haya yote kwa pamoja, na inawezekana kabisa, basi ukimfukuza korongo unabaki na sota.

#8 NyumaYaMigomba

Asante mzee. Nimetoka kuangalia. Sehemu kubwa ni mashimo ya kijiti kama ulivyosema. Upande wa karanga kuna michimbo ya usiku, hiyo nitaitegea panya. Lakini mahindi ni korongo, na nimewaona kwa macho.

#9 Bibi Dungu

Mwanangu, sisi tuliolelewa mabondeni tulijua msimu wa kupanda ni msimu wa kuamia ndege. Dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia, lilijengwa kwanza, mbegu ikafuata. Watoto walipanda juu alfajiri na makopo na kamba, wakashuka jua likiwa kali, wakapanda tena jioni. Korongo ni ndege wa ratiba. Anashuka kutoka kwenye mti alikolala, anakula asubuhi, mchana anasimama majini au kivulini akijichambua manyoya, alasiri anakula tena, magharibi anarudi mtini. Wewe ukikaa bustanini saa sita mchana unalinda nini?

Siku hizi watoto wako shule, na ni vizuri. Ila msilaumu ndege kwa kazi ambayo watu wameiacha.

#10 Zuena_M

Bibi, shikamoo. Nina swali la kando. Hivi kweli wanalala mtini? Nilifikiri korongo wote wanalala wamesimama majini.

#11 Mtafiti wa Nyasi

Bibi yuko sahihi. Katika jamii nzima ya korongo wa aina hii duniani, wenye taji peke yao ndio wanaolala mtini, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu na kinaweza kushika tawi. Wengine hawana uwezo huo.

Kwa mwenye uzi hii ni habari ya matumizi. Tafuta mti wanaolala. Ukiujua, unajua wanatokea upande gani na saa ngapi, na unaweka vitisho vyako upande huo badala ya kuvisambaza ovyo. Ila msiukate mti. Mkiukata watahamia mwingine, pengine nguzo ya umeme, na nyaya ni miongoni mwa vitu vinavyowaua sana. Ndege mwenye mabawa yanayofikia mita 2 kutoka ncha hadi ncha hawezi kukwepa waya kirahisi kama shomoro.

#12 Karatu Juu

Niongeze uzoefu wa huku nyanda za juu. Sanamu la kutishia ndege lililosimama mahali pamoja ni samani. Siku ya kwanza wanalikwepa, siku ya tatu wanakula chini yake. Sanamu lihame kila jioni, libadilishwe nguo, na likae mlango wa kuingilia siyo katikati ya bustani. Kamba zenye utepe wa kaseti za zamani zinafanya kazi kwenye eneo dogo kama lako kwa sababu upepo unazipiga zinalia na kumeta, lakini zikishavumbika zinakwisha nguvu.

Kilichotusaidia zaidi ya vyote ni matandazo. Baada ya kufukia mbegu tunatandaza nyasi kavu juu ya mstari wote mpaka udongo usionekane. Korongo anatafuta kwa macho. Haoni ule mstari uliolimwa, haoni kituta cha udongo kilichoinuka. Miche ikichomoza tunazisogeza nyasi pembeni. Kwa bustani ya nyumbani inawezekana, kwa eka kumi usijaribu.

#13 NyumaYaMigomba

Karatu Juu hii ya matandazo naipenda, majani ya migomba ninayo tele. Yanafaa au lazima nyasi?

#14 Karatu Juu

Yanafaa ila yachanechane. Jani zima la mgomba linabana mche usitoke, na chini yake panya wanapata nyumba. Wewe una panya tayari.

#15 Mpita Njia

Kuna jamaa yangu alichanganya punje na dawa ya wadudu akamwaga pembezoni. Korongo hawakurudi tena. Sitaji dawa gani.

#16 Bwana Shamba Mstaafu

Mpita Njia, heri hukutaja. Naomba kila anayesoma hapa asimame kidogo.

Punje yenye sumu haichagui mdomo. Atakula korongo, atakula njiwa, kanga, kuku wa jirani, halafu mbwa atakula kuku aliyekufa. Mtoto ataokota ndege aliyelala asiye na jeraha, atampeleka nyumbani akapikwe. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, kulijulikana visa vya watu kutega ndege kwa chambo chenye dawa ya wadudu aina ya carbofuran, kisha nyama ikauzwa na kuliwa. Watu wanakula sumu wakidhani ni kitoweo. Hiyo dawa ni miongoni mwa zile kali sana kwa ndege; kiasi kidogo kinatosha.

Na kuna sumu nyingine tunayoiacha bila kukusudia. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi, zikimwagika juu ya udongo wakati wa kupanda zifukiwe zote. Pakiti isiachwe wazi ukutani. Osha mikono.

#17 Sheria Mkononi

Na kisheria, kutumia sumu kuua wanyamapori nako ni kosa, siyo manati ya Kombeo peke yake. Mwambie jamaa yako aache kusimulia.

#18 Kombeo

Manati yangu yametajwa mara nyingi kuliko mwenye uzi 😅. Basi niulize kwa adabu: kumkamata akiwa hai na kumfuga? Nimeona wanatembea kwenye bustani za hoteli, wanapendeza, na hawali mahindi ya mtu.

#19 Kijana wa Mpakani

Kombeo, hapo umegusa kidonda cha majirani zetu. Rwanda walifika mahali ambapo korongo wengi walikuwa kwenye nyua za hoteli na nyumba za watu wenye uwezo badala ya kuwa mabondeni. Wanakamatwa wakiwa vifaranga, wanakatwa mabawa, na wakifungwa hivyo hawazaliani ipasavyo. Uzuri wao ndio uliowaponza.

Daktari wa mifugo aitwaye Olivier Nsengimana akaanzisha kazi ya kuwarudisha. Wenye ndege walitakiwa kuwasajili na kuwatoa bila kushtakiwa, wenye afya wakarudishwa porini, na walioharibiwa mabawa wakapewa makazi kwenye bonde lililofufuliwa Kigali, panaitwa Umusambi Village. Hesabu ya nchi nzima ya 2017 ilipata korongo 487. Ya 2021 ikapata 881. Kwa hiyo wanarudi wakiachwa.

Na wanaporudi wanavuka mto, hawana pasi ya kusafiria, wanatua kwa NyumaYaMigomba.

#20 Zuena_M

Kwa hiyo majirani wamefurahi na sisi tumelishwa hasara. Naomba nisieleweke vibaya, nawapenda hao ndege. Ila kila siku mkulima mdogo anaambiwa avumilie kwa ajili ya dunia. Dunia haijawahi kuja kupalilia.

#21 Bibi Dungu

Zuena, umesema.

#22 Mtafiti wa Nyasi

Zuena, hoja yako ni ya haki na sitaipaka sukari. Ila nataka tuangalie hasara yenyewe inadumu muda gani, maana hapo ndipo penye nafuu.

Korongo hataki jani la mahindi. Anataka punje, na baadaye anataka ile akiba iliyobaki kwenye punje chini ya mche mchanga. Mche ukishakuwa na majani matatu na mizizi imara, ile punje imekwisha, haina ladha kwake. Kuanzia hapo akiingia bustanini anakuja kufuata panzi, minyoo na viwavi. Mtazameni anavyotembea: anapiga miguu chini kwa kishindo ili wadudu waruke, kisha anawadaka. Kipindi cha hatari ni wiki 3 hivi tangu kupanda, kutegemea mvua na joto. Miezi inayobaki huyo huyo adui anakufanyia kazi.

Kwa hiyo hakuna haja ya kupigana naye mwaka mzima. Nguvu zote, matandazo, kamba, mbwa, watoto wa likizo, ziwekwe kwenye hizo wiki. Kila kinachofupisha kipindi hicho ni faida yako: loweka mbegu isiyopakwa dawa usiku mmoja na upande udongo ukiwa na unyevu ili iote haraka, fukia sentimita 5 au zaidi kidogo kama udongo ni tifutifu, siyo kuparuza juu juu, kanyaga kidogo baada ya kufukia.

Kule Wisconsin, Marekani, wana korongo wa aina nyingine wenye tabia hii hii ya kung'oa mahindi machanga. Huko ndiko yaliko makao ya International Crane Foundation, iliyoanzishwa 1973. Wakulima wao wanapaka mbegu kitu kinachoitwa anthrakwinoni, ambacho asili yake hupatikana pia kwenye mimea. Hakimuui ndege. Kinamvuruga tumbo, anakula punje chache, anaacha mahindi na kuendelea na wadudu katika shamba lile lile. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba tatizo siyo ndege kuwepo shambani, ni ndege kuonja punje. Msiende dukani kuuliza "dawa ya korongo" mkapewa sumu yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji.

#23 Mpita Njia

Sasa kuna wazo la kuwamwagia punje pembeni, mbali na bustani, wale hizo. Nimelisikia mahali. Linafaa?

#24 Karatu Juu

Kwetu halikufaa. Waliokuja wawili wakaita ukoo mzima.

#25 Bibi Dungu

Sisi tulifanya na lilifaa. Lakini tulikuwa na jozi moja ya bonde letu, siyo kundi. Jozi yenye kiota haipendi wageni, inawafukuza korongo wengine. Tukaijua jozi yetu, tukaitupia pumba na punje mbovu ukingoni mwa maji, ikatulia huko. Mwaka ambao watu walichukua mayai jozi ikahama, na hapo ndipo tulipoonja kundi la vijana wasio na kwao. Walikula mpaka mbegu za maboga.

#26 Mtafiti wa Nyasi

Bibi ameeleza tofauti ambayo wengi hawaioni. Wapo korongo wenye jozi na eneo, na wapo makundi ya wale ambao hawajaanza kuzaa, wanaohama hama wakifuata chakula. Jozi hudumu pamoja misimu mingi na hulinda eneo la kiota dhidi ya korongo wenzao. Tahadhari yangu ni moja: wanalinda kiota na eneo lililo jirani nacho kule bondeni, siyo lazima bustani yako iliyo juu mlimani. Usitegemee jozi kama askari. Ila kuharibu kiota ukidhani unapunguza ndege, unaweza kufungulia mlango ndege wengi zaidi.

Kuhusu kuwalisha pembeni, mimi siungi mkono kama kuna kundi. Ni kuwazoesha watu, na ndege aliyezoea watu ndiye anayekamatwa kirahisi.

#27 Bibi Dungu

Hilo la kukamatwa nalikubali. La pumba sikubali 🙂

#28 Sheria Mkononi

NyumaYaMigomba, nina swali ambalo huenda hutalipenda. Kutoka ukingo wa bonde hadi mstari wako wa kwanza wa mahindi ni mita ngapi?

#29 NyumaYaMigomba

Sijapima. Bustani ya zamani iko juu, karibu na nyumba. Nimeongeza kipande chini ambapo pana unyevu, mafunjo yanaonekana kutoka hapo. Kwa nini?

#30 Sheria Mkononi

Kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au mwambao wa maji. Mabonde yetu yanaliwa taratibu namna hiyo, mstari mmoja kila msimu. Sisemi nikushtaki. Nasema kipande cha chini ndicho kinachokupa korongo wengi, maana umepanda mezani kwao.

#31 Kombeo

Kumbe mvamizi ni mwenye uzi!

#32 NyumaYaMigomba

Kombeo tulia 😂. Lakini nimekwenda kutazama na ni kweli, kipande cha chini ndicho kilichofukuliwa chote. Cha juu wamekula mistari ya pembeni tu. Kama hesabu ndiyo hiyo, cha chini nitakiachia nyasi za ng'ombe. Unyevu wake nilikuwa naupenda kwa ajili ya mboga za kiangazi, sitasema siumii.

#33 Bwana Shamba Mstaafu

Uamuzi mzuri. Nyasi ndefu kati ya bonde na bustani zina faida nyingine. Korongo hapendi kutembea mahali ambapo haoni mbele, anaogopa kushtukiziwa. Ukanda wa nyasi za matete, au zile unazokata kulisha ng'ombe, ukiwa mrefu wakati wa kupanda unamlazimu aruke badala ya kuingia kwa miguu.

Jambo jingine ni kupanda pamoja na majirani. Ukipanda peke yako wa kwanza, mlo wa bonde zima uko kwako. Mkipanda wiki moja, nyumba kumi, wale wale korongo wanagawanyika na kila mmoja anapoteza kidogo. Wakulima wa zamani walingojeana, na hawakungojeana kwa ajili ya mvua peke yake.

#34 Zuena_M

Na mbwa? Hakuna aliyezungumzia mbwa vizuri.

#35 Karatu Juu

Mbwa anafaa akiwa na mtu. Mbwa aliyefunguliwa peke yake hakai bustanini, anashuka bondeni kutafuta vifaranga, na hapo umegeuka mwindaji bila kujua. Kamba ndefu, alfajiri na jioni, basi. Kuku ndio wanafurahi mbwa akifungwa.

#36 Mtafiti wa Nyasi

Kwa wanaokutana na kifaranga kwenye majani: kiache. Vifaranga hutoka kwenye kiota mapema sana na kufuata wazazi nchi kavu kutafuta wadudu. Kikilala kimya kwenye nyasi hakijatelekezwa, kimejificha, na wazazi wanakutazama wewe. Watoto wengi hukileta nyumbani kwa huruma. Kama ndege mkubwa amevunjika bawa au ananing'inia kwenye waya, taarifa iende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, msimpeleke sokoni.

#37 NyumaYaMigomba

Nawashukuru wote. Nimeongea na majirani watatu, tumekubaliana siku ya kurudishia mbegu. Matandazo nimeanza kukusanya, majani ya migomba nayachanachana kama nilivyoelekezwa. Kijana wangu mdogo anataka dungu. Nimemwambia atajenga yeye.

Swali la mwisho. Karanga zikishakomaa na kung'olewa huwa naziacha zimepinduliwa shambani zikauke siku kadhaa. Hapo nako wanakuja?

#38 Bibi Dungu

Wanakuja mbio! Karanga iliyopinduliwa mizizi juu ni sahani. Zing'oe asubuhi, zibebe na mashina yake mpaka uwanjani, zianike kwenye kichanja karibu na mlango wa jikoni ambapo watu wanapita. Zile zinazobaki ardhini waachie, hizo hata wewe usingezitafuta.

#39 Kombeo

Bibi, kichanja kina urefu gani? Mimi pia nina karanga, na huku kwetu ni mbuzi.